Jina Ndani ya Pipa

Mama Redio anasema aliamka alfajiri kwa sababu mtoto alikuwa analia, akatoka uani kuchota maji ya kuchemsha, na ndipo akamkuta Dada wa Mwisho ameinamia pipa letu, kichwa kimezama ndani hadi mabegani, anazungumza na maji. Si kuomba, anasema. Kuzungumza, kama mtu na mtu, kwa lugha yao ile ya vilimani. Na maji yalikuwa yanamjibu. Alipoulizwa yalijibu nini, akasema yalikuwa yanachemka bila moto, na huko ndiko kujibu kwenyewe, kwani mnataka maji yapige hodi?

Hayo aliyasema mara ya kwanza, wakati wa kufagia. Wakati wa chai maji yalikuwa yameshageuka meusi. Jua lilipofika utosini, Dada wa Mwisho alikuwa amegeuka akamtazama, na macho yake hayakuwa na weupe hata kidogo. Jina la Mama Redio tulimpa kwa sababu hiyo: habari ikiingia kwake ndogo hutoka kubwa, na ukimtania mwenyewe hucheka, anakuambia betri zake mpya. Lakini siku hiyo hakuna aliyemtania. Nilikuwa nimekaa kibarazani, shati la shule mapajani, natia vifungo, na sikuwa naangalia mdomo wake. Nilikuwa naangalia mikono ya waliokuwa wanamsikiliza. Kila aliyekuwa ameshika kikombe, alikiweka chini.

Nyumba yetu ni vyumba vinavyozunguka ua mmoja. Bomba ni moja, na maji yake hutoka yanapojisikia, kwa hiyo kuna pipa kubwa la bluu karibu na mlango wetu ambalo wapangaji wote tunalijaza na wote tunachota. Chumba cha mwisho, kile kinachogusana na vyoo, kilikaa kitupu muda mrefu kwa sababu ya harufu. Dada huyo alipokuja akakichukua bila kulalamika, na sisi tukampa jina la chumba. La kwake hasa hakuna aliyeuliza. Huosha vyombo kwenye mgahawa wa barabara kuu. Anaondoka watu hawajaamka, anarudi vidole vimekunjamana kama vya mtoto aliyechezea maji, anasalimia kila mlango, anaingia ndani. Akisalimia unajua mara moja ni mtu wa vilimani, maana wana namna yao ya kupandisha sauti mwishoni kana kwamba kila salamu ni swali.

Watu wa vilimani wanasemwa. Sijui ilianza lini. Dukani, kwenye foleni, kwa msusi, utasikia tu mtu anasema: wale si wenzetu, wale wana mambo, wale ukiwapa mkono wanashika bega. Linasemwa kama mtu anavyosema leo kuna joto. Nimekua nikilisikia na nimejifunza kutogeuza uso.

Sasa, mimi pia nilikuwa macho alfajiri ile. Dirisha letu linatazama pipa. Nilimwona Dada wa Mwisho akija na bakuli lake mwenyewe, akanawa mikono pembeni, mbali na pipa, akafuta midomo kwa upindo safi wa mtandio. Akafunua mfuniko. Aliinama, lakini hakugusa maji, wala kichwa hakikuzama popote. Akasema neno moja. Neno lile lilikuwa jina la mtu. Halafu akafunika, akaweka kiganja juu ya mfuniko, akakaa hivyo kidogo kama mtu anayehisi pumzi ya mgonjwa. Hapo Mama Redio akatokea na ndoo. Dada akamsalimia, akaenda zake kazini.

Nikajua amefiwa.

Nilijua kwa sababu baba yangu alipofariki, mama alisubiri wafariji wote waondoke, akafunga mlango, akasokomeza kitambaa chini ya mlango, akafunua mtungi wetu, akayasemea maji jina la baba. Kisha akanipa kikombe, akanywa na yeye. Nilikuwa mdogo. Aliniambia huko walikotoka watu wengine, aliyekufa hapelekwi peke yake. Jina lake linawekwa kwenye maji ya kunywa, na kila anayekunywa anambeba hatua chache. Maji yakinywewa na wengi, marehemu ameheshimiwa. Huko hufanyika kwenye chemchemi ya kijiji kizima, na watu hufika na vikombe vyao bila kuitwa. Kisha mama akanishika kidevu, akaniambia hilo sikuliona.

Dada wa Mwisho hakuwa na chemchemi. Alikuwa na pipa. Alitaka kumpa marehemu wake kitu kikubwa kuliko alichokuwa nacho, akampa sisi wote, ua mzima. Hakuwaza kwamba huku kwetu heshima hiyo ina sura ya sumu.

Na mama yangu ni mtu wa vilimani. Hilo ndilo jambo ninalolala nalo na kuamka nalo. Uani hakuna anayelijua. Yeye ndiye mkunga wa watu wote hapa. Wanawake hawaendi zahanati kabla hajawagusa tumbo, na wakirudi na watoto ni yeye anayewaogesha mpaka kitovu kidondoke na baada ya hapo. Watoto wote wanaokimbia uani, maji yao ya kwanza yalitoka mikononi mwake. Mama Redio alikuwa bado mzazi mpya. Jioni ya siku ileile alimleta kichanga wake, amemfunika kama anamficha na mvua, akamwambia mama, "Kuanzia leo, mkunga wangu, mtoto huyu haguswi na maji mengine. Maji ya mikono yako tu ndiyo ninayoyaamini." Mama akamshukuru. Akapima maji kwa kiwiko, akamwogesha mtoto, akawa anaguna taratibu kwa puani kama anavyoguna siku zote akiogesha. Wengi wanadhani ni kuguna tu. Ni wimbo wa kule.

Kesho yake Mwashi alilipindua pipa. Mwashi anajenga nyumba za watu, ana mwili wa kubeba zege na sauti ya kubeba zege. Maji yalitapakaa mpaka kwenye vizingiti, na wanawake wakalisugua pipa kwa majivu na sabuni ya unga huku wameziba pua, ingawa halikuwa na harufu. Mtoto mmoja akaharisha. Watoto uani huendesha kila wiki, lakini wiki hiyo kila aliyeharisha alihesabiwa juu ya kichwa cha mtu mmoja. Salamu za Dada wa Mwisho zikawa hazijibiwi. Alizitoa vilevile, mlango kwa mlango, na sauti yake ikipanda mwishoni.

Halafu tukamkuta mchana amekaa mbele ya chumba chake, kufuli mkononi bado limefungwa mlangoni, anachokoa kwa mpini wa kijiko. Mtu alikuwa amelijaza sementi. Mwashi alikuwa anaangalia mawingu kana kwamba ameahidiwa mvua. Mimi nilikuwa na sindano mdomoni na miguu imekufa ganzi. Nilitaka kuinuka, na mwili ukakataa. Sina maneno mengine ya kulieleza. Mwishowe Mwenyekiti akatoka na koleo, akakata kufuli, akasema kwa sauti ya chini kwamba hilo si jambo la kiungwana. Alisema akiwa amelitazama kufuli, hakumtazama mtu.

Mwenyekiti ndiye fundi wangu. Ana cherehani kibarazani, anashona sare za shule, mimi namtilia vifungo na kupiga pindo. Wapangaji walimchagua wenyewe na anaipenda kazi hiyo kuliko ushonaji. Kabla yake, anayesikika alikuwa mwenye ngumi. Yeye akaleta kura. Tukigombana nani afagie, kura. Lango lifungwe saa ngapi, kura. Na namna yetu ya kupiga kura ni kamba ya nguo inayokatiza ua: wanaokubali wanasimama upande wa lango, wanaokataa upande wa vyoo. Mara moja tulipiga kura ya jogoo wa Mwashi, aliyekuwa anawika kabla hata ya ndege kuamka. Siku hiyo shuka zilikuwa zimeanikwa, watu wakajificha nyuma yake wasionekane wamesimama wapi, na Mwashi mwenyewe kwa kuzunguka shuka akajikuta upande wa wanaotaka jogoo achinjwe. Tulicheka mpaka wengine wakakaa chini. Jogoo akaliwa, na mwenyewe akala paja.

Sasa Mwenyekiti akatangaza kura ya Dada wa Mwisho, Jumapili mchana.

Nilimwendea mama kwanza. Alikuwa anakunja nepi. Nikamwambia, kwa kunong'ona, unajua alichokifanya yule. Akajibu kwamba anachokijua ni kukunja nepi. Nikamwambia ukisema wewe watasikia, hakuna uani anayekubishia. Akaendelea kukunja, kona kwa kona, mpaka nikadhani hatajibu tena. Ndipo akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia.

Alipokuwa msichana, yeye na mama yake walikuwa wamepanga mji mwingine, ua kama huu. Siku moja majirani walikuja, hawakuwa na fimbo wala matusi, wakawaambia wamekaa wakaongea, wameona ni bora waondoke. Walikuwa watu wema. Walisaidia kufunga mizigo.

"Walitubebea kitanda mpaka barabarani," mama akasema. "Mmoja alikuwa anamwambia mwenzake, pole pole, msigonge miguu ya kitanda. Bibi yako alikufa njiani, na mimi hadi leo sikumbuki sura ya aliyetutukana, maana hakuna aliyetutukana. Nakumbuka waliobeba kitanda."

Akachukua nepi nyingine, akaikunja.

"Umri huu mimi sibebewi tena kitanda," akasema. "Shona vifungo vyako."

Jioni hiyo Mwashi alirudi na habari. Huko anakojenga, mtaa wa pili kutoka hapa, familia moja ya vilimani ilitolewa nje, na mlango wao ukachomwa ili wasirudi. Alianza kuisimulia kwa kicheko, jinsi mzee mmoja alivyotoka na kiatu cha mguu mmoja. Katikati kicheko kikamwishia. Akamaliza kwa haraka, akasema, lakini watoto hawakuguswa, akaingia kwake. Harufu ya moshi ilikuwa kwenye shati lake. Mama alikuwa amesimama mlangoni amembeba kichanga wa Mama Redio, na nikaona mkono wake unampigapiga mgongoni ingawa hakuwa analia.

Kwa hiyo nikaamua kumwuliza Mwenyekiti. Nilisubiri wateja waondoke. Mimi si mtu wa kuongea sana kibarazani, darasa la saba ndilo nililoishia na yeye alifika mbali, lakini nimekaa naye muda na hunisikiliza kama mtu anayesikiliza cherehani: anajua ikibadilika.

Nikamwuliza kura ya Jumapili ni ya nini hasa.

"Kwamba anabaki au anaondoka."

"Tulishapiga ya jogoo," nikasema. "Mtu si jogoo."

"Ndiyo maana huyu hatumli, binti," akasema, akakata uzi kwa meno. Alipoona sikucheka, akaacha kukanyaga cherehani. Akaniambia kwani nadhani anapenda. Akasema asipoitisha kura, Mwashi na wenzake watakuja na nondo, maana wameshaiona njia huko mtaa wa pili. Kura itampa yule dada muda wa kukusanya vitu vyake na kutoka kwa miguu yake. Ataondoka kwa uamuzi wa watu, hatapigwa na watu. Tofauti hiyo nisiidharau; yeye alikuwepo wakati wa ngumi, mimi sikuwepo.

"Na anaweza kushinda hiyo kura?"

"Hawezi," akasema.

"Basi si kura, Mwenyekiti. Ni lango mmeshalifungua, mnataka tu alipite kwa adabu."

Nilishtuka kusikia nimelisema. Yeye pia. Alichukua mkasi, akauweka, akauchukua tena. Nami nikarudi kwenye tundu la kifungo, uzi ukagoma kupita. Kisha akaniambia kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia kwangu, kama anaongea na mtu mzima mwenzake. Alisema kuna njia moja. Nimletee mtu mmoja. Asiwe mtoto, asiwe mimi, kwa sababu mimi watasema nimeongopewa. Awe mtu ambaye ua wote unamwamini, na anayezijua mila za wale watu, asimame mbele ya kila mtu aseme lile jambo la pipa lilikuwa nini.

"Mmoja tu," akasema. "Nitavunja kikao palepale. Nitasema ukweli umepatikana, hakuna cha kupigiwa kura. Watanung'unika, lakini wataondoka. Unamjua mtu wa namna hiyo?"

Ulimi wangu ulijaa jina la mama mpaka nikalimeza pamoja na mate.

"Simjui," nikasema.

Jumapili kamba ilikuwa tupu. Nilitamani shuka. Watu walitoka na vigoda, wengine wakasimama, na kila mtu alikuwa anaongea na jirani yake mambo yasiyohusika, bei ya mafuta, viatu, kama tunavyofanya msibani. Mwashi alikuwa ameegemea ukuta karibu na lango, na pembeni yake ukutani kulikuwa na nondo. Alikuwa ameisimamisha vizuri, kama mwavuli. Mama Redio alimpa mama kichanga amshikie kwa sababu yeye alikuwa na ya kusema, na mama akakaa kwenye kigoda chake chini ya dirisha letu, mtoto mapajani.

Dada wa Mwisho alitoka moja kwa moja kazini. Mtandio ulikuwa umelowa kifuani. Akaonyeshwa mahali pa kusimama, akasimama. Akasalimia. Mwenyekiti peke yake ndiye aliyeitika.

Mama Redio alieleza. Safari hii maji hayakuchemka wala hayakuwa meusi; alieleza machache na sauti yake ilikuwa inakauka, na kwa sababu hiyo watu walimwamini zaidi. Alisema ana mtoto mchanga, na kwamba anaogopa. Hilo lilikuwa kweli. Nilimtazama nikaona ni kweli tupu, na nikazidi kuogopa, maana mwongo unaweza kumbishia lakini mtu mwenye hofu utamwambia nini.

Mwenyekiti akamgeukia Dada wa Mwisho, akamwomba aeleze mwenyewe alikuwa anafanya nini pale. Akamwambia asiwe na haraka.

"Kaka yangu amekufa," akasema. "Walinipigia simu. Sikuweza kwenda. Nikaliweka jina lake kwenye maji." Akatafuta maneno. "Ili mnywe."

Mtu akatema mate. Mwingine akashika tumbo.

"Yaani tumekunywa maiti," Mwashi akasema, na watu wakacheka kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Hapana," Dada akasema. "Jina. Mkinywa, haendi peke yake. Ni heshima. Niliwapa kaka yangu." Akaona nyuso zetu, na nikaona anaelewa, neno kwa neno, jinsi lilivyofika kwetu. Mikono yake iliyokunjamana kwa maji ikashikana. "Nilikosea kutowaomba kwanza," akasema. "Kule haombwi mtu. Nilisahau kwamba hapa si kule."

Kwa kitambo kidogo kulikuwa na nafasi. Mwanamke mmoja nyuma yangu alivuta pumzi kama mtu anayetaka kuuliza jambo, huyo kaka alikuwa na umri gani, kitu kama hicho. Lakini Mwashi akauliza nani anathibitisha. Alisema kila mchawi ana hadithi nzuri, sasa hii nani anathibitisha?

Mwenyekiti akaniangalia mimi haraka, akaacha. Akamwuliza Dada kama kuna mtu yeyote wa kwao, humu au karibu, anayeweza kuja kueleza kwamba hiyo ndiyo mila.

Dada wa Mwisho akatutazama wote, kuanzia langoni. Macho yake yakatembea taratibu usoni kwa kila mtu, yakafika chini ya dirisha letu, yakamkuta mama. Yakasimama. Hapo ndipo nilipojua kwamba anajua. Anapopita kuelekea chumbani kwake hupita chini ya dirisha letu, na mama huwa anaogesha watoto, anaguna. Siku zote hizi alikuwa anapita akiusikia wimbo wa kwao, na hakuwahi kusema lolote, wala kumsalimia mama kwa namna ya pekee, wala kubisha hodi aombe chumvi. Neno moja tu lake, na macho ya ua mzima yangehama kutoka kwake kwenda kwa mama, na kutoka kwa mama kwenda kwa kila mtoto aliyewahi kuogeshwa.

Macho yake yakaendelea mbele.

"Hakuna," akasema. "Niko peke yangu."

Mkono wa mama juu ya mgongo wa mtoto ulisimama. Kisha ukaanza tena kupigapiga.

Mwenyekiti akavuta pumzi, akasema basi, wanaotaka aondoke upande wa lango, wanaotaka abaki upande wa vyoo. Alilisema akiwa anaangalia futi yake ya kupimia iliyokuwa shingoni, anaikunja na kuikunjua. Watu wakaanza kusogea. Hakukuwa na kelele, ni ndala tu zinazoburutwa kwenye udongo. Walipita chini ya kamba wameinamisha vichwa, wengine wamewashika watoto wao mikono, na wote walikuwa watu ninaowajua: aliyenifundisha kusuka, aliyetuletea uji baba alipougua, wote watu wazuri. Nikawaza, hawa ndio watakaombebea kitanda.

Sikuamua. Miguu iliyokuwa imekufa ganzi siku ya kufuli iliniinua, na nikajikuta upande wa vyoo, peke yangu, nimesimama karibu na Dada wa Mwisho kiasi cha kusikia harufu ya sabuni ya vyombo.

"Umepotea njia, binti," Mwashi akasema. "Mimi pia nilipotea siku ya jogoo. Rudi, tutakusamehe."

"Sijapotea."

Sauti yangu ilitoka ndogo. Nikajaribu tena. Nikawaambia wanaweza kupiga kura ya nani afagie, na ya lango, na ya jogoo, lakini kama mtu ana haki ya kuwa mtu mbele yetu hilo halina upande wa kusimama, na tukilipigia kura leo kwa huyu, kesho kamba hii itapita mlangoni kwa nani? Nikawaambia nilimwona mwenyewe kwa macho yangu, alinawa mikono, alifuta midomo, hakugusa maji, alitaja jina la marehemu. Kule kwao ndivyo wanavyomwaga machozi. Mtu hupewa maji ya chemchemi, kila mmoja na kikombe chake, na kila anayekunywa anambeba marehemu hatua chache.

Nilisema na nikasikia, wakati maneno yanatoka, kwamba nimepita mpaka.

Dada wa Mwisho alinigeukia. Yeye hakuwa amesema habari ya vikombe. Hakuwa amesema habari ya chemchemi.

Mama Redio naye alikuwa ameisikia ziada hiyo. Mtu anayebeba habari anajua kila habari ilikotoka. Alisogea mpaka kwenye kamba, akaishika. Hakuwa na hasira. Alikuwa mweupe midomoni.

"Kuona umeona, mdogo wangu, nakubali," akasema. "Lakini haya ya vikombe umeyapata wapi?"

Mwashi aliacha kuegemea ukuta.

"Jibu, binti," Mwenyekiti akasema taratibu. Futi ilikuwa imetulia mikononi mwake. "Nani alikuambia?"

Ningeweza kusema ni yeye huyuhuyu Dada, aliniambia jana. Uongo huo ulikuwa tayari mdomoni, wenye uzito mdogo, na ungetosha kuniokoa mimi na mama, na Dada angetoka langoni kabla ya magharibi, kuelekea mtaa wenye milango iliyochomwa. Ningeweza pia kusema kweli. Kweli haikuwa yangu.

Nikageuka kwenye dirisha letu. Mama alikuwa amemwinamia mtoto, uso wake siuoni, naona tu upande wa shingo na mshipa unaopiga.

"Mama," nikasema, "naomba ruhusa yako nijibu."

Vichwa vyote upande wa lango viligeuka pamoja. Dada wa Mwisho alikuwa anatikisa kichwa, kidogo sana, ananikataza. Mama Redio alinitazama mimi, akamtazama mama, akamtazama mwanawe, na polepole, kama mtu asiyetaka kumshtua mnyama, akaiachia kamba na kuanza kunyoosha mikono kumwelekea mtoto.

"Mama," nikarudia. "Naomba."